Nadhiri ya Nta

Kila asubuhi, kabla taa za barabarani hazijazimwa, Dinah alishuka kitandani kwa ncha za vidole, akavaa koti juu ya gauni la kulalia, akatumbukiza sarafu katika mita ya gesi. Mita ilikohoa, ikasitasita, kisha ikakubali. Ndipo alipowasha jiko, akateleka sufuria ya chai na kuparuza tangawizi kwa kisu. Chumba chao kilikuwa kimoja tu, ghorofani katika nyumba ya Mzee Praful, huko Tooting, kusini mwa London. Kitanda kilikuwa upande huu, meza upande ule, na katikati palibaki njia ya mtu mmoja. Lakini chai ilipochemka, chumba kilinukia kama jikoni kwao Jinja, na kwa dakika chache Dinah alisahau baridi.

"Mama, chai tayari."

"Ahsante, mwanangu. Umetia sukari au umeionyesha tu?"

"Nimeionyesha."

Mama alicheka. Siku hizo bado alikuwa akicheka. Alikunywa chai yake amesimama, akafunga kitambaa kichwani, akashuka ngazi kwenda kiwanda cha kufulia nguo, ambako kazi yake ilikuwa kutoa mashuka ya hoteli kwenye mashine, yamelowa na mazito kama mtu aliyezimia. Dinah naye aliosha vikombe, akavaa sare, akaenda shule.

Walikuwa wamefika Uingereza mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda. Wao walikuwa Wagoa, watu wa asili ya Goa huko India, Wakatoliki tangu enzi za mababu. Mama alizaliwa Mombasa na alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Baba, aliyezaliwa Jinja, aliomba uraia wa Uganda, na katika siku zile za mwisho karatasi zake zikakataliwa. Akawa mtu asiye na nchi. Ndege moja ikawaleta Mama na Dinah London. Nyingine ikampeleka Baba kwenye kambi ya wakimbizi huko Austria.

Mama alijaza fomu ya kumwombea Baba ruhusa ya kuja. Ofisa aliyeipokea alimwuliza mambo mawili: Je, una kazi? Je, una mahali pa kuishi? Mama alijibu kwamba anavyo vyote viwili. Tangu siku ile alivishikilia kama mtu anayevuka mto kwa kamba.

Kila Jumapili Dinah alimwandikia Baba barua. Baba alikuwa karani wa stoo, na mwandiko wake ulisimama wima kama askari. Aliwahi kujibu hivi: "Binti yangu, hapa kuna theluji hadi dirishani. Barua zako ndizo gazeti langu. Wengine wananiandikia maneno ya kunifurahisha, lakini wewe hunifichi kitu."

Siku moja ya Novemba, Jumapili, Mama alimwambia Dinah, "Leo misa ikiisha, mwombe yule mzee wa sakristia vipande vya mishumaa iliyobaki. Mwambie ni vya nadhiri."

Mzee wa sakristia, Mwairishi mwenye masikio makubwa aliyetunza vyombo vya kanisa, hakuuliza mengi. Alimjazia mfuko wa karatasi. Njiani Dinah alikutana na Jaswinder, mwanafunzi mwenzake wa darasa moja, Kalasinga ambaye kwao kulikuwa Kisumu.

"Una nini humo? Chipsi?"

"Mishumaa."

Jaswinder alichungulia mfukoni. "Hii si mishumaa, ni mifupa ya mishumaa. Mnaila?"

"Mama anaitaka."

"Mama yako ana mambo. Mama yangu akitaka kitu, ni mimi nitandike kitanda." Akachukua kipande kimoja, akakinusa, akakirudisha. "Haya, nenda. Usipokuja shule kesho nitajua mmejichoma."

Alasiri ile Mama alifunga mlango kwa komeo. Aliyeyusha vipande vile katika kopo la maziwa ya unga lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, akatoa tambi moja moja kwa uma, akaiacha nta ipoe hadi ikawa laini kama unga wa chapati. Kisha akaanza kuifinyanga.

Dinah alijua desturi ile kwa kusikia. Kwa Wagoa, mwenye kuumwa mguu hupeleka kanisani mguu wa nta, na mwenye kuumwa jicho hupeleka jicho la nta, ili mtakatifu asisahau ombi lake. Huko Goa, siku za sikukuu, wachuuzi huvipanga viungo hivyo nje ya kanisa kama mafungu ya nyanya. London hapakuwa na mchuuzi wa namna hiyo.

"Mama, nani anaumwa?"

Vidole vyake viliizungusha nta, vikaikandamiza, vikaipa mviringo. Dinah alidhani ni kikombe, kisha bakuli. Halafu akaona kwamba ni titi. Mama akachukua tone jingine la nta, akalisokota likawa dogo kama kunde, akalibandika upande wa kushoto, chini kidogo, akaweka kidole juu yake na kukiacha hapo.

"Ni hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Mtakatifu hadanganywi. Lazima umwonyeshe mahali penyewe."

"Mama, twende kwa daktari."

"Kaa hapa nikuambie habari za Agata."

Dinah alikaa, na Mama akasimulia kama alivyosimuliwa na mama yake.

Zamani sana, wakati Warumi walipowatesa Wakristo, katika mji wa Katania kisiwani Sisilia aliishi msichana jina lake Agata. Alikuwa mzuri wa sura, na wa ukoo mkubwa, lakini maisha yake alikuwa amemtolea Kristo. Liwali wa Kirumi, Kwintiano, akamtaka awe mkewe. Agata akakataa. Liwali akampeleka akae mwezi mzima kwa mwanamke mmoja mwovu, ili moyo wake ulegee. Haukulegea. Ndipo Kwintiano akaamuru afungwe, apigwe, na mwisho akatwe matiti. Usiku ule gerezani akatokea mzee mwenye taa, akasema, "Nimekuja kukuponya." Agata akamjibu kwamba hajawahi kuutia mwili wake dawa ya binadamu, tumaini lake ni Kristo peke yake. Mzee akatabasamu, maana alikuwa Mtume Petro mwenyewe, naye akamponya bila dawa wala kisu. Liwali alipoona hivyo alimbiringisha juu ya makaa ya moto. Ardhi ikatetemeka, watu wakapiga kelele, na Agata, akiwa amerudishwa gerezani, akasali na kukata roho. Mwaka mmoja baadaye mlima wa moto ulipofoka, watu wa Katania walichukua shela yake, wakaukabili nayo moto, nao ukasimama.

"Umesikia?" Mama alisema. "Agata hakumwendea daktari. Daktari alimjia."

"Lakini Mama..."

"Dinah. Kiwandani, mtu akiugua siku nne anapewa barua ya kuachishwa. Nikikosa kazi, ofisa atasema nini? Atasema mwanamke huyu mgonjwa hawezi kujilisha, atamlishaje mume? Baba yako atabaki kwenye theluji." Hakuna ofisa aliyewahi kumwambia hivyo. Hofu yake ndiyo iliyomwambia. Mama akatoa picha ya Agata ukutani, akaiweka mezani. "Weka mkono hapa. Apa kwamba hutamwambia mtu. Si Baba, si mwalimu, si padri, si Bi Mwatima wa chini."

Dinah alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliutazama uso wa mama yake, akaweka mkono, akaapa.

Jumapili iliyofuata alikaa na karatasi mbele yake kwa muda mrefu. Mwishowe aliandika: "Baba mpendwa, sisi sote wazima." Wino ulikuwa uleule na mkono ni uleule, lakini alipomaliza alikwenda kunawa mikono.

Krismasi ikaja ikapita. Januari, Mama aliweka tena kopo juu ya jiko. Aliing'oa kunde ile ya nta, akabandika kinundu kingine, cha ukubwa wa kokwa ya tende. Wiki tatu baadaye alikibadilisha tena. Dinah alikuwa amelala akijifanya hasikii, akitazama ukuta.

Sasa Mama hakuweza kuinua mkono wa kushoto. Dinah alimchana nywele na kumfunga kitambaa, na asubuhi alimfunga vifungo vya koti. Kiwandani, Mama alisema, alikuwa akivuta mashuka kwa mkono mmoja na kuyashika kwa kidevu. Shuleni mwalimu alimwuliza Dinah kwa nini hamalizi hesabu zake. Dinah akasema taa za kwao zimeharibika. Jaswinder alimtazama.

"Taa zenu haziharibiki. Naziona kutoka barabarani."

"Basi nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini wewe siku hizi unasema uongo vibaya sana, Dinah. Watu wakisema uongo huwa wanafurahi kidogo. Wewe unataka kulia."

Sikukuu ya Mtakatifu Agata ni tarehe tano Februari. Mwaka ule iliangukia Jumatatu. Mama alikuwa zamu ya mchana, na alfajiri ile hakuweza kushuka ngazi. Aliifunga nta ndani ya leso nyeupe, akampa Dinah.

"Iweke miguuni pa Agata. Sali Baba Yetu tatu. Kisha nenda shule."

Kanisa lilikuwa baridi na tupu. Dinah alizunguka akitazama sanamu moja baada ya nyingine. Kulikuwa na Antoni na mtoto wake, Yosefu na msumeno, na Tereza na maua yake. Agata hakuwapo. Mzee wa sakristia alimwona akizunguka mara ya tatu.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Mtakatifu Agata."

"Ah, huyo hatuna. Mwachie Bikira Maria, atamfikishia."

Dinah alipiga magoti mbele ya Bikira Maria, akafungua leso. Kwenye mwanga wa mchana aliiona nta ile vizuri kwa mara ya kwanza. Kinundu kilikuwa kama yai la njiwa. Alijaribu kuiweka chini, mikono yake ikakataa. Aliona kama anamwacha Mama mwenyewe pale sakafuni, kwenye baridi, na kwenda zake shule. Alisali Baba Yetu moja, ya pili ikamkwama, akaifunga nta na kurudi nyumbani.

Chini ya ngazi alikuwa amekaa Bi Mwatima, akivua viatu. Bi Mwatima alikuwa Mzanzibari aliyehamia London baada ya mapinduzi ya Unguja. Alifanya kazi ya uhudumu wa wadi hospitalini, zamu ya usiku, na kila asubuhi aliketi kwenye ngazi ya kwanza kupumzisha miguu kabla ya kuingia chumbani mwake.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba. Shule imehamia humu ndani?"

Alikaa kwenye ngazi kando yake.

"Haya, mbona umenuna kama mkate uliolowa?"

"Bi Mwatima, mtu akiapa, kisha akavunja kiapo, Mungu humfanya nini?"

Bi Mwatima aliweka kiatu chini taratibu. "Inategemea ameapa nini. Kwetu sisi, ukiapa jambo, halafu ukaona la heri ni jingine, unatenda lile la heri, na kiapo chako unakilipia kafara. Unalisha maskini kumi. Ukishindwa, unafunga siku tatu."

"Siku tatu tu?"

"Tatu."

Dinah alifikiri. Siku tatu za njaa zilikuwa chache. Lakini kulikuwa na Baba pia, na theluji ya hadi dirishani. Akamsimulia Bi Mwatima habari za Agata, tangu liwali hadi shela, kana kwamba ni habari ya darasani. Bi Mwatima alisikiliza, kidevu mkononi.

"Mwanamwali huyo ana moyo," alisema mwishoni. "Hebu niambie. Alipokatwa, alisema nini?"

Dinah alikumbuka. Mama aliwahi kumsomea maneno yale katika kitabu cha sala. "Alimwambia liwali: Huoni haya kumkata mwanamke kitu ambacho wewe mwenyewe ulikinyonya kwa mama yako?"

"Alimwambia chumbani, kwa siri?"

"Hapana. Mbele ya watu wote."

"Basi huyo hakuficha jeraha lake."

Mlangoni watu walipita wakienda kazini, viatu vyao vikigonga barabara. Kisha akaweka leso mapajani mwa Bi Mwatima, akaifungua.

Bi Mwatima hakuuliza ni nini. Alipitisha kidole juu ya nta, kikafika kwenye kinundu, kikasimama. Miaka mingi alikuwa amewaosha na kuwageuza wagonjwa. Vidole vyake vilijua mengi. Uso wake ukabadilika.

"Ni ukubwa huu kweli?"

"Mama hamdanganyi mtakatifu."

"Tangu lini?"

"Novemba kilikuwa kama kunde."

Bi Mwatima alisimama bila viatu, akaanza kupanda ngazi ambazo kila alipozipanda alizilaani kuwa zimejengwa na adui yake. Safari hii hakuzilaani.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Alimwona Bi Mwatima, akaiona leso, akamtazama Dinah. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Umemfungia baba yako mlango," alisema. "Kwa mkono wako."

"Mwache mtoto," Bi Mwatima alisema. "Niseme na mimi, Mama Dinah. Mkono wako huo umeacha kuinuka tangu lini?"

"Ni nadhiri yangu. Haikuhusu. Wewe si wa dini yangu."

"Si wa dini yako, lakini nadhiri naijua. Nta hii umeiambia kweli, hadi kipimo. Sasa kwa nini nta ijue, na mumeo asijue? Mficha maradhi kifo humuumbua, dada yangu. Nimewafunika shuka wengi waliokuja wamechelewa, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri."

Mama aligeukia ukuta.

"Sitavua nguo mbele ya mwanamume," alisema mwishowe.

"Jumanne kuna daktari mwanamke. Kesho ni Jumanne. Nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu, nimevaa viatu."

Mama alikwenda. Siku ileile alilazwa, na Ijumaa akafanyiwa upasuaji. Titi la kushoto liliondolewa, pamoja na mitoki ya kwapani. Dinah alisimama kando ya Bi Mwatima wakati daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alipoeleza. "Angekuja Novemba..." daktari alianza, kisha akamtazama Dinah, akaiacha sentensi hapo. Akasema tu kwamba ugonjwa ulikuwa umetembea, kwamba watatibu, kwamba hawezi kuahidi.

Dinah aliimaliza sentensi ile mwenyewe, kila siku, njiani kwenda shule.

Kwa siku kumi na moja Mama hakusema naye. Dinah alikwenda hospitalini kila alasiri, akabadilisha maji ya maua, akamchana nywele, na Mama aliangalia dirisha. Usiku Dinah alilala chumbani kwa Bi Mwatima. Siku ya nne baada ya upasuaji Bi Mwatima aliona bakuli la wali halijaguswa, kama la jana na la juzi.

"Chakula changu kimekuwa sumu?"

"Ninafunga. Kwa ajili ya kiapo. Leo ndiyo ya tatu."

Bi Mwatima alikaa chini polepole. Alifunika uso kwa kanga yake kidogo, kisha akaufunua. "Mtoto wewe. Kafara ni ya dini yangu, na kiapo ulichoapishwa hakikuwa chako hata kidogo. Kula. Agata wako na Mtume wangu wote wangekupiga kofi." Akamlisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake, kama mtoto mchanga.

Usiku huohuo, baada ya kula, Dinah alimwandikia Baba. "Baba mpendwa, nilikudanganya tangu Novemba. Mama ni mgonjwa sana. Amekatwa titi. Mimi nilijua na sikusema, halafu nikasema, na sasa hasemi na mimi. Nisamehe kwa barua zote zile." Hakuongeza kitu. Aliipeleka posta kabla moyo haujabadilika.

Kuhusu ofisa, Bi Mwatima alimwendea ana kwa ana, ameshika barua ya daktari. Ofisa aliisoma, akaiweka juu kabisa ya faili, akasema kwamba mume wa mgonjwa ana sababu zaidi ya kuja, si pungufu. Mlango ambao Mama aliogopa utafungwa, ugonjwa ndio uliousukuma ukafunguka. Bi Mwatima alipomwambia Mama habari hizo, Mama alifumba macho. Miezi mitatu ya kuficha, hadi kuvuta mashuka kwa kidevu, na ilikuwa bure.

Siku ya kumi na mbili, Dinah alipoweka kitana mezani, Mama alimshika kifundo cha mkono.

"Sikukukasirikia wewe," alisema. "Nilikuwa naona haya kukutazama. Kila nikikutazama naona mkono wako juu ya ile picha."

Dinah aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, upande wa kulia, usiouma, akalia hadi muuguzi akaja na kuondoka tena kimya.

Baba alifika Aprili, na sanduku moja na kikohozi. Alikuwa amekonda. Dinah alimpokea akitazama viatu vyake.

"Barua zote ninazo," Baba alimwambia. "Zile za uongo nimezifunga pamoja. Ile moja ya kweli ninayo mfukoni. Nilipoisoma nililia, lakini nikajua niko wapi. Mtu asiye na nchi anataka angalau ajue hilo."

Mama alirudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa alipata nafuu. Baba alipata kazi uwanja wa ndege, wakahamia vyumba viwili. Lakini majira ya baridi yalipoingia tena, maumivu yalihamia mgongoni. Daktari mwenye miwani aliwaambia kweli, kwa sababu Mama alitaka aambiwe kweli: ugonjwa umeingia mifupani. Kama asingekuja Februari ile, asingemwona mumewe akishuka kwenye ndege. Sasa walikuwa wamepewa muda, na muda huo ulikuwa na mwisho.

Sikukuu ya Agata ilipozunguka tena, Mama aliomba isaliwe litania nyumbani, sala ya kuitikiana, kama ilivyo desturi ya Wagoa, na waalikwe wanawake wa kiwandani na majirani, wa dini yoyote. Walikuja kumi na wawili, wakajibana kitandani na sakafuni. Mama yake Jaswinder alileta vitafunio, Bi Mwatima akaleta kahawa, na Dinah akapitisha dengu zilizochemshwa kwa nazi. Baba alitolewa nje kwa adabu. Litania ilipokwisha, Mama aliomba wamwekee mito mgongoni. Alikuwa mwepesi sasa. Dinah alimwinua peke yake.

"Nataka niwaambie kitu," Mama alisema, "na baadhi yenu mtaona haya. Mimi pia naona haya, lakini haya haijaniponya. Nilipata kinundu hapa. Nikakiona, nikakificha. Nilijiambia ninamwiga Mtakatifu Agata, aliyevumilia. Lakini Agata alipoumizwa alisema mbele ya mji mzima, na aliyekuja kumponya hakumfukuza, alimsikiliza. Mimi nilinyamaza, nikasema kunyamaza kwangu ni imani. Ilikuwa hofu tu. Na hofu hiyo nikamtwika mtoto, nikamwapisha. Akaibeba kuliko nilivyobeba mimi mashuka." Alipumzika kidogo. "Kuvumilia maumivu ambayo huwezi kuyaepuka ni ujasiri. Kuficha ugonjwa unaoweza kutibiwa si ujasiri. Mkiona jambo mwilini, semeni mapema. Na mtoto wenu akiwajia na ukweli unaowachoma, msimgeuzie mgongo siku kumi na moja. Dinah aliniambia kweli kwa niaba yangu, nami nimepata mwaka mzima ambao haukuwa wangu."

Mama yake Jaswinder alikuwa akifuta macho kwa ncha ya shali. Bi Mwatima aliinua birika.

"Haya, nani hajapata kahawa? Ukweli unakausha koo."

Wakacheka kidogo, wakanywa, wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mmoja akimbusu Mama. Dinah alisimama mlangoni akiwapa makoti. Wa mwisho alikuwa Mama Harish, mwanamke mnyamavu wa meza ya kupigia pasi, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie. Alishuka ngazi mbili. Akasimama. Akapanda tena hadi alipo Dinah, mkono mmoja ameukunja kifuani chini ya sari.

"Yule daktari mwanamke," alinong'ona, "ni siku gani?"

"Jumanne."

"Mume wangu hajui."

Dinah alimfunga kifungo cha juu cha koti, kile kigumu, kama alivyozoea kumfungia Mama.

"Nitakwenda na wewe," alisema. "Baba ataniandikia ruhusa ya shule. Na jioni tukirudi, tutakaa sote wawili na mumeo, umwambie."

Mama Harish akashuka ngazi. Lakini alipofika chini kabisa, aligeuka akamwuliza Dinah wakutane saa ngapi.